Maswali na Majibu: Ndege ya Mafunzo Ambayo Uganda Haikuwahi Kuwa Nayo

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu jambo moja, nalo ni ujenzi wa modeli ndogo za plastiki za ndege za kijeshi za mafunzo, hasa zile zinazopakwa rangi na alama za nchi ambayo haikuwahi kuzirusha. Wajenzi huziita modeli za "ingekuwaje". Tumezikusanya pamoja barua zinazohusiana, kwa sababu jibu la mmoja mara nyingi linamfaa na mwingine.

Swali: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa historia hapa Jinja. Shemeji yangu amenitumia kutoka Nairobi seti ya Airfix ya ndege ya mafunzo iitwayo Jet Provost T.3, kwa kipimo cha 1/72, yaani modeli ni ndogo mara 72 kuliko ndege halisi. Nataka kuipaka rangi za Uganda, kana kwamba jeshi letu la anga liliinunua muda mfupi baada ya Uhuru. Wenzangu katika chumba cha walimu wanasema huo ni uongo uliotiwa gundi. Nifanyeje ili hadithi yake isimame? – *Mwalimu, Jinja*

Jibu: Mwalimu, wenzako wangekuwa na haki kama ungeipaka ndege hiyo rangi nyeusi, njano na nyekundu, ukaiweka juu ya kabati, halafu ukakosa la kusema unapoulizwa ilifikaje Entebbe. Modeli ya namna hii husimama pale mjenzi anapobadili jambo moja tu katika historia, kisha akayaacha mengine yote yafuate njia ambayo kweli yangeifuata. Anayebadili mambo matano kwa pamoja hawezi tena kuulizwa swali lolote la maana, na modeli isiyoulizika haimshughulishi mtu kwa muda mrefu.

Una bahati ya kuishi katika mji ambao jambo la kubadili lilitokea. Tarehe 23 Januari 1964 askari wa kambi ya Jinja waligoma wakidai mishahara bora na maofisa Waafrika, wakamshikilia waziri Felix Onama aliyekwenda kuzungumza nao. Siku tatu kabla ya hapo askari wa Tanganyika walikuwa wameasi, na siku iliyofuata wakaasi wa Kenya kule Lanet. Serikali ya Milton Obote iliomba askari wa Uingereza waje kutuliza hali, nao wakaituliza; lakini mkoloni wa jana kuitwa kulinda serikali huru ya leo halikuwa jambo la kujivunia, na katika miaka iliyofuata Uganda iliutafuta msaada wa kijeshi kwingine. Israeli ndiyo iliyochukua nafasi kubwa katika kulijenga jeshi la anga, na ndege ya mafunzo ya jeti iliyokuja ilikuwa Fouga Magister, iliyobuniwa Ufaransa na kuundwa Israeli kwa leseni. Baadaye zikafuata ndege za kivita za Kisovieti ziitwazo MiG.

Basi jambo lako moja ni hili: tuseme baada ya maasi ya Jinja Obote aliamua kubaki na wakufunzi wa Uingereza katika jeshi la anga. Ukishakubali hilo, Jet Provost haihitaji kusukumwa, inakuja yenyewe. Ndege hii iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 26 Juni 1954 na ndiyo iliyowafundisha marubani wa Jeshi la Anga la Kifalme la Uingereza kwa miaka mingi. Toleo la mauzo ya nje lenye silaha, T.51, lilitokana na hiyo hiyo T.3 uliyonayo mkononi. Walionunua Jet Provost za nje ni pamoja na Sudan, ambayo wakati ule ilikuwa jirani yetu wa kaskazini. Jirani wa mashariki, Kenya, alinunua mwanzoni mwa miaka ya 1970 ndege sita za Strikemaster, ambayo ni binamu wa Jet Provost aliyeongezewa nguvu na silaha. Ukitandaza ramani mezani utaona kwamba Uganda ilikuwa katikati ya wateja wawili wa kiwanda kile kile. Wenzako wa chumba cha walimu wanapaswa kueleza kwa nini *haikununua*, na maelezo yao yote yatarudi kwenye kambi ya Jinja, kilomita chache kutoka wanapokunywa chai.

Baada ya hapo chagua mwaka mmoja na ushikamane nao. Mimi ningechagua 1965. Kwa mwaka huo ndege ingekuwa bado na sura ya Kiingereza: rangi ya fedha kiwiliwili kizima, viraka vya rangi ya machungwa inayowaka kwenye pua, mabawa na mkia ili ndege nyingine ziione kwa mbali, na pembetatu nyekundu za tahadhari ubavuni kwa sababu ya viti vya Martin-Baker vinavyomrusha rubani nje wakati wa ajali. Mwalimu na mwanafunzi hukaa bega kwa bega, wala hawapangani mmoja nyuma ya mwingine, kwa hiyo kioo ni kipana na kila mtu atakayeinama ataona ndani. Usikiache chumba cha rubani kikiwa kitupu.

Ukitaka kuivuta hadithi mbele zaidi, ivute kwa uangalifu. Jenerali Idi Amin alitwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971, na mwaka 1976 Uingereza ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uganda. Jet Provost ya Uganda ya mwaka 1977 ingekuwa ndege isiyopata vipuri, imeegeshwa kando ya uwanja, tairi zimekaa chini na kioo kimefunikwa turubai. Nayo ni modeli nzuri, pengine nzuri kuliko ile ing'aayo, lakini inahitaji mkono uliozoea.

Jambo la mwisho: bandika kwenye kibao cha modeli kikaratasi chenye jina la ndege, mwaka, na maneno "ya kubuni". Wanafunzi wako wasije wakaandika katika mtihani kwamba Uganda ilikuwa na Jet Provost.

Swali: Ninazo seti mbili za 1/72, Fouga Magister ya Heller na L-39 ya Eduard. Ningependa zote mbili ziwe za "ingekuwaje" kwa rangi za Uganda. Pia, je, naruhusiwa kwenda karibu na uzio wa kambi ya anga hapa kwetu nikapiga picha za kuniongoza? – *Mkazi wa Entebbe*

Jibu: La mwisho kwanza: usiende. Kambi ya jeshi haipigwi picha bila ruhusa, na kumweleza askari wa zamu kwamba unatafuta rangi sahihi ya mlango wa gurudumu ni mazungumzo marefu ambayo hutayafurahia. Picha zilizokwisha kuchapishwa za gwaride na maonyesho zinatosha.

Kuhusu Fouga, ukiipaka rangi za Uganda utakuwa umejenga historia, maana Uganda ilikuwa nazo kweli. Hali ni hiyo hiyo kwa L-39, ndege ya Kicheki iliyoruka mara ya kwanza tarehe 4 Novemba 1968 na ambayo jeshi letu limeitumia. Hakuna ubaya kujenga ya kweli, ila usiiite ya kubuni. Ukitaka L-39 yako ivuke upande wa pili, mpe kazi ambayo haikufanya. Tarehe 9 Oktoba 2012 Uganda ilitimiza miaka 50 ya Uhuru. Buni kikundi cha ndege nne za maonyesho kwa ajili ya siku hiyo, kama Waingereza walivyofanya na Red Arrows tangu 1965, kwanza kwa Gnat na baadaye kwa Hawk, ambazo zote mbili pia ni ndege za mafunzo. L-39 ina urefu wa mita 12.13, ambao kwa 1/72 ni karibu milimita 168, na pua ndefu iliyochongoka inayopendeza kwa mistari. Ushauri wangu ni uweke rangi mbili tu za bendera juu ya nyeupe. Atakayeweka tatu pamoja na korongo, ngao na tarehe atapata bango la sherehe lenye mabawa.

Swali: Nimemaliza kuunganisha Jet Provost, lakini kila nikiiweka mezani inakaa kwa mkia na pua inatazama dari. Maelekezo yalisema niweke uzito puani, nami niliona ni mapambo ya maneno. Je, inawezekana kuirekebisha bila kuivunja? – *Mjenzi, Ggaba*

Jibu: Inawezekana, na uko mahali pazuri kuliko wengi wetu, kwa sababu uzito bora kabisa wa pua unauzwa hapo hapo mwaloni: chubwi za risasi ambazo wavuvi hufunga kwenye nyavu na mishipi. Risasi ni nzito kwa umbo dogo, inapondwa kwa nyundo ikawa bapa, na inakatwa kwa koleo.

Kwa wasomaji ambao hawajafunga kiwiliwili, njia ni hii. Shika nusu mbili za kiwiliwili, mabawa na mkia kwa tepu bila gundi. Laza penseli mezani na uiweke ndege juu yake, penseli ikiwa mahali hasa magurudumu makubwa yatakaposhikia. Mkia utaanguka. Bandika vipande vya risasi juu ya pua kwa nje, kimoja baada ya kingine, mpaka pua ishuke yenyewe. Kisha ongeza theluthi moja zaidi, maana rangi, vanishi na mabomba ya mkia vitaongeza uzito nyuma ambao leo huuoni. Hapo ndipo unahamisha risasi ile ile ndani. Katika Jet Provost nafasi ipo mbele ya ubao wa vyombo vya rubani, na kidogo chini ya sakafu ya viti.

Gundi ina maana kubwa hapa. Tumia ya vichupa viwili, kama Araldite. Usitumie gundi nyeupe ya seremala kushikilia risasi, kwa kuwa asidi iliyomo huila risasi polepole ikawa unga mweupe unaovimba, na wapo waliokuta pua ya ndege imepasuka kwenye kabati baada ya miaka michache. Gundi hiyo nyeupe iweke kwa kioo cha chumba cha rubani, ambako ndiyo mahali pake: haiachi ukungu juu ya plastiki angavu kama inavyoacha supaglu. Baada ya kushika risasi nawa mikono kabla ya kula, na mabaki yasiachwe mtoto anapoweza kuyatia mdomoni.

Wewe ambaye ndege yako imeshafungwa, toboa tundu ndani ya chumba cha gurudumu la mbele, ambako hakuna atakayeona, na uingize risasi zilizokatwa ndogo kama punje za mtama pamoja na gundi, ukiisimamisha ndege kwa pua usiku kucha. Ikishindikana, ibandike magurudumu yake kwenye kibao cha mbao. Hakuna hakimu wa haki katika mashindano ya modeli atakayekupunguzia alama kwa hilo.

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Nilichora bendera ya Uganda kwa kompyuta ili iwe stika ya mkia wa ndege yangu, nikachapisha mbili zinazofanana. Kaka yangu anasema upande wa kulia korongo wangu anatazama nyuma, na kwamba hilo ni kosa. Mimi naona bendera ni ile ile. Pia rangi ya njano imepotea kabisa juu ya rangi ya fedha. – *Mwanafunzi, Mbale*

Jibu: Kaka yako yuko sahihi. Katika bendera yetu, iliyoanza kutumika tarehe 9 Oktoba 1962, korongo hutazama upande wa mlingoti. Bendera iliyochorwa kwenye mkia wa ndege huchukuliwa kana kwamba mlingoti uko mbele, upande wa pua, na kitambaa kinapepea kuelekea nyuma kwa upepo wa mwendo. Kwa hiyo upande wa kushoto korongo anatazama pua, na upande wa kulia vilevile anatazama pua, jambo linalomaanisha kwamba michoro yako miwili lazima iwe kama mtu na sura yake katika kioo. Nchi zenye mistari mitupu hazina shida hii. Sisi tuna ndege ndani ya bendera, na yule ndege ana mdomo.

Sasa tazama ukubwa wenyewe. Bendera yenye kimo cha sentimita 60 na upana wa sentimita 90 kwenye ndege halisi inakuwa milimita 8.3 kwa 12.5 katika kipimo cha 1/72. Ikigawanywa kwa mistari sita, yaani nyeusi, njano, nyekundu, kisha nyeusi, njano, nyekundu tena, kila mstari unapata kama milimita 1.4, na duara jeupe la katikati linabaki dogo kuliko kichwa cha kijiti cha kiberiti. Humo huwezi kuchora manyoya. Chora mambo manne: mwili wa kijivu ulioinama kidogo mbele, shingo, doa jekundu chini ya kidevu, na taji la dhahabu kama nukta tatu. Mguu ulioinuliwa utaonekana kama kikwaruzo tu, lakini usiuache, kwa kuwa ndio unaoupa mwili wake mkao. Ukiuondoa, jicho litaona bata.

Njano imepotea kwa sababu printa za kawaida hazina wino mweupe, na wino wa njano ni mwepesi kama chai ya rangi; kilicho chini yake kinaonekana. Una njia mbili. Ya kwanza ni kuchapisha kwenye karatasi ya stika za maji iliyo nyeupe badala ya ile angavu, kisha kukata ukingo kwa wembe mpya karibu kabisa na mistari. Ya pili ni kupaka mstatili mweupe kwenye mkia kwanza na kulaza stika angavu juu yake. Kwa mtu wa umri wako napendekeza ya pili, kwa kuwa haidai mkono thabiti sana wa kukata. Kama huna printa nzuri, peleka faili na karatasi yako kwa wachapaji wa Nasser Road mjini Kampala, ambao wamezoea maombi ya kila namna na hawatakuuliza bendera ya milimita nane ni ya nini. Wino wa maji upigwe vanishi mara mbili na kukauka kabla ya stika kuloweshwa, la sivyo korongo ataondoka na maji.

Alama za mabawani ni zako kubuni, maana ndege yako haikuwapo. Duara tatu za rangi za bendera zinatosha, bila korongo. Namba ya ndege usiichukue kutoka kwenye picha ya ndege halisi ya Uganda, tunga yako.

Swali: Nilinunua rangi ya fedha kwa wauza rangi za magari, nikaichanganya na tina yao. Bawa moja limekunjamana kama ngozi ya mzee. La pili nililipiga jioni moja ya mwezi wa Aprili baada ya mvua, likatoka na ukungu mweupe. Kosa ni la rangi au langu? – *Fundi chipukizi, Ntinda*

Jibu: Bawa la kwanza limeliwa na tina. Tina kali ya magari imetengenezwa kwa ajili ya bati, nayo huyeyusha plastiki ya modeli. Rangi hiyo inaweza kutumika endapo kwanza utapiga praima, yaani rangi ya msingi, ukaiacha ikauke, kisha ukapuliza rangi kwa tabaka nyembamba sana zinazofika zikiwa karibu kavu. Anayeloanisha anayeyusha. Aliye mgeni wa kazi na aanze na rangi za akriliki zinazochanganywa na maji, hata kama ung'avu wake wa fedha ni mdogo.

Bawa la pili limeathiriwa na unyevu. Tina inapokauka haraka hupoza uso wa rangi, mvuke ulio hewani unatua juu yake, na matokeo yake ni ule ukungu. Kuanzia Machi hadi Mei, na tena kuanzia Septemba hadi Novemba, Kampala haina jioni kavu za kutegemea. Piga rangi karibu na saa sita mchana jua likiwa limetoka, mlango ukiwa wazi na pua imefunikwa barakoa. Bawa lenye ukungu mara nyingi huokolewa kwa kupulizwa tena tabaka moja jepesi siku kavu.

Rangi ya fedha haisitiri kitu. Kila mkwaruzo wa msasa utaonekana, kwa hiyo maliza kwa msasa wa maji kuanzia namba 1000 kwenda juu, kama wafanyavyo mafundi wa magari, kabla ya praima. Kwa Jet Provost yenye viraka vya machungwa, mpangilio ni huu: nyeupe kwanza mahali pa viraka, kwa sababu rangi inayowaka ikipigwa juu ya kijivu huzimika, halafu machungwa, halafu funika viraka kwa tepu na upige fedha mwisho. Ukianza na fedha, tepu itaibandua. Viraka hivyo visiwe na mwako ule ule kila mahali. Rangi hizo hupauka upesi juani, na chini ya jua la ikweta upande wa juu wa bawa ungetangulia kuwa hafifu huku ubavu ukibaki mkali. Tone moja la nyeupe katika rangi ya tabaka la mwisho, upande wa juu tu, linatosha.

Swali: Bwana Mhariri, nimesoma gazeti lenu miaka mingi. Mjukuu wangu anajenga ndege za vita za Uganda na kuzipanga sebuleni. Mimi ni mtu wa Masaka. Mji wetu ulivunjwa na mizinga mwaka 1979. Sioni mchezo uko wapi katika ndege za jeshi lile. – *Mzee, Masaka*

Jibu: Mzee wetu, hatuna neno la kukupinga. Mwezi Oktoba 1978 jeshi la Amin lilivamia eneo la Kagera nchini Tanzania, vita ikarudi kwetu, Masaka ikalipa mapema mwaka uliofuata, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Aliyekuwapo hawezi kuzitazama alama zile juu ya bawa kama mtoto anavyozitazama.

Tunachoweza kusema ni kwamba wajenzi wengi wa modeli za kubuni huchagua ndege za mafunzo kwa sababu hiyo hasa. MiG ya Entebbe ya mwaka 1976, mwaka ambao makomandoo wa Israeli waliziharibu ndege hizo zikiwa chini, inatafutwa sana na wajenzi wa nje, nao huipenda kwa moto na moshi wake. Ndege ya mafunzo ina viti viwili na mtu anayejifunza. Lakini hata hiyo inaweza kutundikwa mabomu, na mimi kwa upande wangu nisingeyatundika kwenye modeli inayokaa katika sebule ya mtu wa Masaka. Mwite mjukuu wako umsimulie mwaka huo kabla hajachagua ndege inayofuata. Akisha kukusikia, akabaki anataka kuijenga ya 1978, basi na aijenge akijua, na aiweke chumbani kwake.

Swali: Ndege ya mafunzo ya Uganda inapaswa kuchafuliwa kiasi gani? Hapa kwetu vumbi jekundu halimwachi mtu, na nimeona modeli za wenzangu zimepakwa wekundu mpaka juu ya mkia. – *Msomaji, Soroti*

Jibu: Kidogo kuliko wanavyofanya wenzako. Soroti ina chuo cha urubani tangu 1971, nawe unajua kwamba ndege za mafunzo huoshwa, kwa sababu wanafunzi wapo na kazi za wanafunzi ni hizo. Tena Jet Provost ni ndege fupi iliyoinama, matundu yake ya kuingizia hewa yakiwa ubavuni mwa kiwiliwili, karibu kabisa na ardhi. Injini ya jeti inayovuta changarawe haidumu, kwa hiyo ndege kama hiyo ingekaa kwenye uwanja wa lami, na vumbi lingeifikia kwa upepo tu.

Weka wekundu kwenye tairi, ndani ya vyumba vya magurudumu, na kivuli chepesi chini ya tumbo nyuma ya gurudumu la mbele. Tumia udongo halisi wa kwenu, uliokaushwa na kuchekechwa kwa kitambaa cha soksi ya nailoni, upakwe kwa brashi laini na kupulizwa. Weusi wa moshi uwe nyuma kabisa, kuzunguka tundu la kutolea moto chini ya mkia. Palipo na hatua ya rubani juu ya bawa, kwanguakwangua rangi kidogo kwa ncha ya sindano, kushoto na kulia, kwa kuwa mwalimu na mwanafunzi hupanda kila mmoja kwa upande wake. Mkia uache safi.